Riali Kumi za Maskati

Tulikuwa wanne, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na haja ya maana ya kwenda Maskati. Tulikuwa tumeichoka Dubai tu. Mtu akikaa miaka mitatu akihesabu mashuka na sabuni katika stoo ya hoteli, kama ninavyofanya mimi, hufika siku akauona mji ule wote wa vioo kuwa ni ukuta mmoja mrefu, akatamani kuona mlima, au bahari asiyotozwa kiingilio. Kwa hiyo, mwezi wa Februari zamu zetu zilipolingana, jambo ambalo kwa watu wa hoteli na ulinzi ni nadra kama mvua za huku, tuliomba viza kwa mtandao, tukakata tikiti za basi, tukaondoka alfajiri ya Ijumaa.

Wenzangu nitawataja kwa makwao, kama tunavyoitana kambini. Alikuwapo Mtanga, anayepokea wageni katika hoteli ya jirani, mtu asiyeweza kuona bei bila kuigeuza papo hapo kuwa shilingi. Alikuwapo Mganda, mlinzi, ambaye Kiswahili chake chote amekiokota Dubai kutoka kwetu na kwa hiyo kina makosa yetu sote. Wa nne alikuwa Mkamba wa Machakos, fundi wa viyoyozi, ambaye kipaji chake kikubwa ni usingizi. Mimi ni wa Mombasa.

Njia ni kama kilomita 450, na sina la kusimulia juu yake ila mpaka. Pale tulishushwa, tukapangwa foleni, tukalipa ada ya kutoka ambayo hakuna aliyetuonya kuihusu, tukapanda, tukashushwa tena upande wa pili, mabegi yakafunguliwa yote, na Mkamba akaamshwa mara tatu. Viti vya basi lile vilikuwa vimetengenezwa kwa watu wasio na magoti.

Kabla sijafika kwenye teksi ni lazima niieleze riali, maana ndiyo iliyotuponza. Riali moja ya Omani ni kiasi cha dirhamu tisa na nusu, na imegawanywa katika baisa elfu moja. Mtu aliyezoea dirhamu akiingia Maskati huona kila kitu ni rahisi, kwa sababu tarakimu zote ni ndogo: chumba kumi na nane, sahani ya wali mbili, juisi moja. Anakula, anakunywa, anatembea kifua mbele. Akirudi chumbani usiku akaanza kuzidisha kwa tisa na nusu ndipo kifua kinapoingia ndani.

Tuliteremka Azaiba, kwenye kituo cha mabasi cha Maskati, mchana, baada ya sala ya Ijumaa, barabara zikiwa tupu na maduka yamefungwa. Nje ya kituo ilisimama teksi moja, nyeupe na rangi ya chungwa kama zilivyo nyingi, na ndani yake mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kofia iliyodariziwa kwa sindano. Udereva wa teksi huko ni kazi ya wenyeji peke yao, kwa hiyo tulijua ni Mwarabu, na Mtanga akamwendea na Kiarabu chake cha mapokezi. Tulitaka kwenda Mutrah, kwenye soko la kale na ufuko. Mzee akasema “ashara”, akanyosha vidole vyote kumi. Kumi! Tukaingia upesi kabla hajabadili mawazo. Mkamba aliegemea dirisha, akalala kabla gari halijaondoka.

Tulikuwa tumekwisha kuingia barabara kuu, yenye milima mikavu ya rangi ya kahawia upande mmoja, Mtanga alipomaliza hesabu yake.

“Dirhamu tisini na tano,” alisema kwa Kiswahili, sauti ikimkauka. “Jamani, tisini na tano! Huyu mzee ni mwizi. Tazama alivyovaa kanzu nyeupe pe, utadhani imamu, kumbe roho nyeusi tii.”

Mganda akashauri tusiseme kitu, “atatutupa kwa jangwa”. Mtanga akaendelea kuichambua pua ya mzee, ukoo wake na gari lake, ambalo kwa kweli lilikuwa na harufu nzuri ya udi. Mimi, nikitaka kuonekana mtu mwenye busara, nikasema tumwachie Mungu, kwani pesa ya dhuluma huishia kwa waganga. Maneno hayo niliyasema polepole na kwa ufasaha, nikiyafurahia mwenyewe.

Simu ya mzee ikalia. Akaipokea bila kuondoa macho barabarani.

“Ee, mke wangu,” alisema. “Niko njiani, n’na abiria wanne. Hapana, si Wahindi, ni wa kwetu, wawili wa pwani. Hawajambo, wananitukana. Mmoja kaniita mwizi, mmoja anaogopa n’tamtupa jangwani, mwengine kanishitakia kwa Mungu. Wa nne kalala.”

Sijui niseme nini juu ya ukimya uliofuata. Nakumbuka kwamba niliyatazama magoti yangu, na kwamba suruali yangu ilikuwa na doa la chai ambalo nilikuwa sijaliona tangu asubuhi. Mtanga ndiye aliyeanza kupumua.

“Shikamoo, mzee,” alisema.

“Marahaba. Mwizi wako hajambo.”

Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Aliendesha kama kilomita mbili nyingine, kisha akauliza kila mmoja anatoka wapi. Niliposema Mombasa akanitazama kwenye kioo na kusema kuwa yeye amezaliwa Malindi. Nikafurahi kupita kiasi, nikaona hapa ndipo pa kujiokolea, nikamwambia kuwa Malindi naijua vizuri sana, nina shangazi pale karibu na kituo cha mabasi. “Malindi ya Unguja!” alikemea. “Mimi nakwambia Malindi ya Unguja, wewe unaniletea mabasi.” Nikaona heri ninyamaze.

Kidogo kidogo, kati ya daraja moja na jingine, alitueleza. Alikuwa mtoto wa miaka sita yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964. Mama yake alimvusha hadi Dar es Salaam, wakakaa kwa jamaa miaka kadhaa, na Sultani Qaboos alipotawala Omani mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya nchi warudi, wakarudi, ingawa neno kurudi yeye alilitamka kwa namna ya mtu anayetema kokwa, kwani alikuwa hajawahi kufika. Hakujua Kiarabu ila cha chuo cha Kurani. Watoto wenzake wa Maskati walimcheka na kumwita Zinjibari. “Kule tulikuwa Waarabu,” alisema, “huku tukawa Wazanzibari.” Halafu akaniuliza nazi moja ni bei gani Mombasa siku hizi, na nilipomtajia akapiga usukani kwa kiganja, akasema huo ndio wizi.

Simu ikalia tena, na safari hii akaiweka sauti ya juu. Mkewe naye ni Mmanga, lakini wa Bujumbura, maana kulikuwa na maduka ya Waomani hata huko ndani kwenye maziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. “Walete hapa mukule kwanza,” aliamuru, na mzee, bila kutuuliza, akaingia njia ya Al-Khuwair.

Tulikaa kwenye zulia la sebule yao kwa muda wa karibu saa mbili. Walileta kahawa isiyo na sukari yenye hiliki katika vikombe vidogo visivyo na mkono, tende, halua iliyong’aa mafuta, ambayo Mtanga aliila kwa unyenyekevu wa mtu aliyesamehewa, na kisha sinia moja kubwa: wali wa nazi, samaki wa kuchoma, na pembeni bakuli la sombe, yaani kisamvu, yaliyokuwa yamegandishwa kwenye friji kama dhahabu. Mkamba, aliyeamka mlangoni na hakuwa na habari ya lolote lililopita, alikula kwa dhamiri safi. Alimwambia mzee kwamba Waarabu ni watu wakarimu sana na kwamba Kiswahili chake si kibaya. Mzee akamshukuru.

Mganda ndiye aliyeuliza, mdomo ukiwa na wali, kama ni kweli watu wa huku ndio waliokuwa wakiwachukua watumwa kwetu. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama anavyouliza kila kitu, jina la mlima au bei ya viatu. Mtanga akamkanyaga mguu. Mzee alikaa kidogo, akasema ni kweli, na kwamba babu yake mzaa baba alikuwa na shamba la karafuu na watu wa kulilima, na kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa binti wa mmoja wa watu hao. Hakuongeza neno. Mkewe akauliza nani anataka chai ya maziwa, na sote wanne, hata Mganda asiyekunywa chai, tukasema tunataka.

Kisha akatufikisha Mutrah, na bila kuombwa akapitiliza mbele, hadi mji wa kale, ili tuone ngome mbili zilizopandana na miamba juu ya maji, Jalali na Mirani. Nilishuka garini nikapigwa na bumbuwazi. Sikuziona mpya. Kuta zile nene zisizo na madirisha, rangi ile ya mchanga uliochomwa na jua, namna zinavyoitazama bahari kwa kuishuku: nimekulia chini ya kuta hizo, nikicheza mpira nje ya Fort Jesus. Na si ajabu, maana Wareno waliojikita hapa ndio waliojikita kwetu. Waomani waliwafukuza Maskati mwaka 1650, na baada ya kuizingira Fort Jesus tangu 1696, wakaitwaa mwaka 1698.

“Nyinyi watu wa Mombasa mlikuja wenyewe hapa kutuomba tukutoleeni Wareno,” mzee alisema, mikono nyuma. “Tukaja. Leo unabishana na mimi kwa riali kumi.”

Nikamjibu kwamba kutolewa tulitolewa, ila waliotutolea hawakurudi kwao. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, akacheka hadi kofia ikainama.

Tuliporudi Mutrah nilitoa riali tano kwanza, kwa aibu, nikidhani ataziona nyingi mno baada ya kutulisha. Akazihesabu, akaniangalia, akabaki amenyosha mkono. Kumi ni kumi. Mtanga alilipa zilizobaki bila kuzigeuza kuwa chochote.

Siku iliyofuata ilikwenda haraka. Asubuhi tuliingia Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, wakati ambapo wasio Waislamu huruhusiwa, ili Mganda na Mkamba nao waone. Zulia la ukumbi wa wanaume lina urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, nalo lilifumwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Wageni hupitishwa juu ya kitambaa maalumu ili wasilikanyage. Mkamba, kama fundi, alitazama juu na kusifu ubaridi wa ukumbi. Mchana soko lilifungwa, tukazurura juani bila pa kukaa, na maji tuliyonunua yalikwisha kabla ya kivuli kupatikana. Jioni soko likafunguka, likajaa moshi wa ubani wa Dhofar, nasi tukapita kwenye vichochoro vile vilivyoezekwa, vyembamba kama vya Mji wa Kale kwetu, tukiuliza bei za vitu tusivyokusudia kununua. Kwa hadhari, tulikuwa tukinong’ona. Mtanga alinunua chetezo, akapunguziwa riali moja, akawa nayo furaha hadi usiku, tulipokaa ufukweni kula mishikaki na kubishana iwapo mji usio na ghorofa ndefu ni mji au ni kijiji kikubwa. Mganda alishika upande wa kijiji. Mimi nilikuwa nikizihesabu taa za majahazi na sikushika upande.

Jumapili alfajiri mzee alikuja mwenyewe kutupeleka kituoni, kwa riali kumi zile zile. Nilikaa mbele. Karibu na Azaiba alinipa ujumbe wa mkewe: ameshindwa kupata mbuzi nzuri ya kukunia nazi, zinazouzwa Maskati meno yake hupinda baada ya mwezi, na kwa kuwa mimi ni wa Mombasa, nikienda likizo nimletee moja, ya mti mzito, yenye meno ya chuma cha kweli. Nilikubali kabla sijafikiri. Sasa likizo yangu ni mwezi wa Agosti, na nimekwisha kuuliza uzito wa mizigo, na kama kitu chenye meno kama yale kinaruhusiwa hata kwenye begi la chini, na jamaa wa mizigo aliniomba nimweleze tena polepole kwa nini nasafiri na mbuzi.

Juzi nilimpigia mama aniulizie bei Marikiti. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni Mwarabu gani huyo wa Maskati anayekuna nazi kwa mkono hadi leo, na sisi hapa nyumbani tunanunua tui la pakiti.