Mbona hukuumalizia?

"Ule wimbo wa yule dada anapopanda basi, mbona hukuumalizia?"

Baba, aliyekuwa ameitazama filamu niliyoitungia muziki, aliniuliza hivyo Jumapili jioni, tulipokwisha kusalimiana na kuulizana habari za shamba na za mguu wa Mama. Nikamjibu, "Baba, ile ni filamu. Muziki unaishia pale picha inapoishia." Akanyamaza kidogo. "Sawa, mama. Lakini wimbo wenyewe haukuisha." Akaniombea usiku mwema, akakata simu.

Tangu siku ile dada yangu amejifungua salama, mtoto wa kike, mimi nimesaini mkataba wa kuitungia muziki tamthilia moja, na bado kila nikikaa kwenye kinanda ninachosikia ni "haukuisha".

Mnaomfahamu Baba kupitia hapa mnajua amekuwa mwalimu wa kwaya tangu sijazaliwa. Nimekua nikimwona akiandika do, re, mi ubaoni kwa chaki, akiwarudisha watu wa bezi mstari uleule mpaka watue pamoja na wenzao. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa kabla sauti zote hazijafika nyumbani. Na wimbo wangu wa basi haukufika. Niliuandika mzima, mhariri akafupisha tukio, mlango wa basi ukafungwa mapema, melodi ikakatikia kwenye "ti", noti ya mwisho kabla ya kufika "do". "Do" yake haikusikika tena popote katika filamu nzima. Mwongozaji alifurahi sana, akasema kukatika kule kunamwacha mtazamaji na kiu. Wapo walioniandikia kwamba walilia palepale.

Kwa nini basi swali lake lilinichoma? Kwa sababu nilisikia swali la pili ndani ya lile la kwanza. Ni lile ambalo shangazi zangu huniuliza waziwazi kila msimu wa harusi: hizi kazi za kusindikiza maigizo ya wenzako ni sawa, muziki wako wewe utaandika lini? Baba hajawahi kuniuliza. Nikadhani sasa ameanza. Nikawa namjibu ndani ya daladala, namjibu nikikosha vyombo. Baba, kupima wimbo uingie katika sekunde arobaini bila kumfunika mwigizaji ni ufundi. Baba, ungekuwepo chumba cha uhariri ungeona.

Usiku wa Jumanne nilimrudia Korngold, kama ninavyofanya kila nikikwama. Erich Wolfgang Korngold, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Brno mwaka 1897, wakati huo ikiwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Alikuwa na miaka 13 tu kazi yake ya jukwaani, Der Schneemann, ilipochezwa katika opera ya kifalme ya Vienna. Opera yake Die tote Stadt ilizinduliwa usiku mmoja katika miji miwili, Hamburg na Köln, tarehe 4 Desemba 1920, naye ana miaka 23. Baba yake, Julius, alikuwa mhakiki wa muziki aliyeogopwa kuliko wote Vienna. Huwa namfikiria sana kijana yule: kila akipigiwa makofi, wapo walionong'ona kwamba ni kwa hofu ya kalamu ya mzee.

Mwaka 1934 Max Reinhardt, mwongozaji wa jukwaa, alimwita Hollywood kwa ajili ya filamu ya mchezo wa Shakespeare. Akawa anakwenda na kurudi. Mwanzoni mwa 1938 alikuwa kule kwa ajili ya filamu ya Robin Hood, na alikuwa ameikataa, akisema yeye si mtu wa muziki wa filamu ya mapigano. Kisha Ujerumani ya Hitler ikaimeza Austria, na yeye alikuwa Myahudi. Nyumba yake Vienna ikachukuliwa. Akaikubali kazi. Robin Hood ilimpa Oscar, naye mwenyewe alikuwa akisema kwamba filamu ile ilimwokoa maisha.

Ninachokipenda zaidi ni namna alivyofanya kazi. Aliwekewa picha usiku, akakaa kwenye piano na kuzipigia huku anazitazama. Mazungumzo ya waigizaji aliyachukua kama maneno ya opera, akaipanga okestra yake kwa kufuata sauti zao zilipo, juu au chini, zisigongane. Kila nikisema "bila kumfunika mwigizaji", kwake ndiko nilikojifunza.

Lakini usiku ule si hayo yaliyonishika. Nilisikiliza Konseto yake ya Violini, kazi ya violini moja na okestra, iliyopigwa mara ya kwanza na Jascha Heifetz huko St. Louis mwaka 1947. Nimeisikiliza miaka mingi, na siku zote nimejua kwamba melodi zake zimetoka kwenye filamu: sehemu ya kwanza imechota Another Dawn na Juarez, ya pili Anthony Adverse, ya tatu The Prince and the Pauper. Nilikuwa nalijua kama jambo la kusoma tu. Safari hii nilisikiliza kwa sikio la Baba. Ile melodi ya mwanzo inapanda, inapanda tena, hakuna mlango unaofungwa, hakuna anayeanza kuongea juu yake, inapewa muda wote inaoutaka. Katika filamu ilikuwa ya kukatwa. Hapa ameirudia, akaiacha iende mpaka mwisho wake.

Nikainuka nikawa natembea sebuleni. Julius alikuwa Los Angeles miaka ile, mkimbizi naye, na alimsukuma mwanawe aachane na filamu arudi kwenye muziki aliouona wa heshima. Alifariki 1945, hakuisikia konseto ile ukumbini. Baba yangu hajanisukuma popote. Hakusema niache. Amekaa na simu ya mdogo wangu, spika ndogo kama ukucha, ametazama filamu ya saa nzima na zaidi, na katika yote hayo amesikia "do" moja inayokosekana. Nani mwingine aliisikia? Waliolia hawakuisikia. Swali lake lilikuwa hilohilo moja, mimi ndiye niliyelibebesha la shangazi.

Basi nimefungua lile faili na kuandika baa nane baada ya mlango wa basi. Sijui zitakwenda wapi, pengine ni kwa sauti nne, bila ala. Najua pia kwamba konseto ile haikupokewa vizuri na wote. Mhakiki mmoja wa New York alilichezea jina la Korngold kwa mzaha uliomwandama hadi leo, na mtunzi mwenyewe alipofariki mwaka 1957, akiwa na miaka 60, wengi walikuwa wamemsahau. Wimbo kumalizika si dhamana ya kupendwa. Nimefurahi hata hivyo, na nitamtumia Baba ukurasa wenyewe kwa solfa, aukosoe kwa kalamu nyekundu.

Habari za nyumbani: Jumamosi dada na mtoto wanakuja kukaa kwangu mpaka arobaini iishe, na maji ya kisima chetu yameanza kuwa na chumvi. Jirani anasema ni ya kuogea tu, lakini sabuni haitoi povu na mimi sitaki kumwogesha kichanga kwa maji yale. Boza limepanda bei, simtank letu lina ufa chini, na fundi tangu juzi ananiambia yuko njiani.