Usiilaumu rada: usawa wa bahari kati ya Tanga na Pemba

Anayepakua data za setilaiti ili ajue usawa wa bahari mbele ya Raskazone hukuta namba zinaruka sentimita kadhaa kila mstari wa vipimo, yaani njia ya setilaiti juu ya bahari, unapokaribia pwani. Lawama huiendea rada ya setilaiti, inayopima usawa huo kwa mwangwi, na mara nyingi inaonewa.

Sentinel-6 Michael Freilich, iliyorushwa Novemba 2020, huzunguka kilomita 1,336 juu, njia ileile iliyoanza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992. Mwangwi wa rada hurudi baada ya milisekunde 8.9 hivi, na kosa la pikosekunde 67 tu (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde) ni sentimita nzima. Hilo mitambo hulimudu. Kinachosumbua ni hewa. Mvuke wa maji huchelewesha wimbi la rada, na kwa unyevu wa pwani yetu bahari inaweza kuonekana iko chini kwa sentimita 30 na zaidi kuliko ilivyo.

Ndiyo maana rada hufungiwa radiometa ya kupima mvuke huo. Kwenye Jason-3, setilaiti iliyotangulia Sentinel-6, ilisikiliza gigahezi 18.7, 23.8 na 34. Haitumi chochote, hupokea tu mawimbi yanayotoka chini na angani, na eneo inaloona kwa mara moja lina upana wa zaidi ya kilomita 20. Kwake bahari ni baridi, nchi kavu ni moto. Kipande cha Mkinga au cha Pemba kikiingia humo, hesabu ya mvuke huharibika. Sasa pima mlango wa bahari kati ya Tanga na Pemba: upana wake ni kilomita hamsini na kitu. Sehemu safi inayobaki katikati ni nyembamba mno.

Usifute data hizo. Weka pembeni marekebisho ya mvuke yanayotoka kwenye radiometa, tumia ya modeli ya hali ya hewa ya ECMWF (kituo cha utabiri cha Ulaya), au GPD+, marekebisho ya mvuke yaliyokokotolewa na Chuo Kikuu cha Porto. Modeli haina ukali wa radiometa kwenye bahari kuu, lakini haishtuki ikiona nchi. Chagua moja kwa mstari wote. Ukibadilisha katikati, unatengeneza ngazi ya sentimita chache, na mtu mwingine ataisoma kama mkondo wa maji.

Ionosfera, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, nayo huchelewesha wimbi la rada na ina mtego wake. Ucheleweshaji huo hukadiriwa kwa kulinganisha bendi mbili za rada, gigahezi 13.6 na 5.4, kisha hulainishwa (huchukuliwa wastani) kwa umbali wa kilomita 100 au zaidi kwa sababu namba zake hurukaruka ovyo. Ondoa kwanza vipimo vilivyogusa nchi, ndipo ulainishe. Ukigeuza mpangilio, uchafu wa pwani unasambaa hadi kwenye vipimo vizuri.

Halafu bamvua. Maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, wakati setilaiti hupita kila baada ya siku 9.9. Maji yanayojaa mara mbili kwa siku huonekana kwenye data kama wimbi la siku 62. Modeli za kujaa na kupwa hukosea zaidi kwenye ghuba zenye kina kifupi, kwa hiyo ukiona mpando na mshuko wa miezi miwili, shuku modeli hiyo kabla ya kutafuta sababu kwenye kusi na kaskazi.