Majilio kwa asiye na hamu ya kuimba

Majilio ni kipindi cha Jumapili nne za kungojea Krismasi. Jumapili ya tatu huitwa Gaudete, Kilatini cha "Furahini". Mavazi ya zambarau ya padre hupumzika, ya waridi hutolewa kabatini. Lakini itazame Injili inayosomwa siku hiyo katika Mwaka A, mmoja wa miaka mitatu (A, B na C) ambayo masomo ya kanisani huzunguka: Yohana Mbatizaji yuko gerezani, na anawatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" (Mathayo 11:3). Shaka ya mfungwa imewekwa katikati ya Jumapili ya furaha, na aliyeyapanga masomo hayo hakuteleza. Katika Mwaka C, anayesema "Furahini katika Bwana sikuzote" ni Paulo, naye anaandika akiwa amefungwa minyororo (Wafilipi 1:13).

Yohana hakutoka gerezani. Ukifika sura ya 14 ya Mathayo, anakatwa kichwa. Wahubiri wengi huliruka jambo hili, na hapo ndipo mtu mwenye shida anapoanza kuhisi kwamba Majilio si yake. Anaambiwa afurahi kana kwamba ameamriwa kuwa na raha. Raha ni kitu kingine. Mwenye deni, mgonjwa au aliyefiwa hana raha, na hakuna Andiko linalomtaka ajifanye anayo.

Utaratibu ufuatao unafuata majuma manne ya Majilio na Zaburi moja fupi, ya 13, yenye aya sita tu. Unahitaji Biblia, karatasi, kalamu na dakika kumi na tano kwa siku. Chagua saa moja isiyobadilika. Usiku ni mzuri, ila usingojee mpaka uwe kitandani, maana usingizi utakushinda au mawazo yatakukamata.

Juma la kwanza, soma aya ya 1 na ya 2 peke yake: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Kisha andika "hata lini" zako mwenyewe, tatu au nne. Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwa jumla: "magumu ya maisha", "changamoto". Sentensi ya namna hiyo haimuumizi mtu, na haiombi kitu. Andika lenyewe: hata lini nitaamka saa nane za usiku kwa maumivu haya? Hata lini nitakwepa simu za wanaonidai? Kosa la pili ni kumhubiria Mungu, yaani kulalamika sentensi moja kisha kujirudi haraka na "lakini najua una makusudi". Juma hili hakuna "lakini".

Katika Majilio huwekwa shada, duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huongezwa mmoja wa kuwashwa. Makanisa mengi huuita mshumaa wa kwanza mshumaa wa tumaini, na mtu anaweza kuuliza: kilio kina uhusiano gani na tumaini? Kina uhusiano mkubwa. Aliyekata tamaa haulizi "hata lini". Hunyamaza. Anayeuliza bado anaamini kuna anayesikia, na kwamba jambo lina mwisho.

Juma la pili, ongeza aya ya 3 na ya 4, ambamo mwimbaji anaomba aangaliwe, ajibiwe, atiwe nuru machoni. Katika kila "hata lini" uliyoandika, toa ombi moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. "Nisaidie" peke yake ni pana mno. "Nipe ujasiri wa kumpigia ndugu yangu kabla ya Ijumaa" utajua kama limejibiwa. Mara nyingi ombi likishaandikwa hivyo, sehemu ya jibu inaonekana kuwa mikononi mwa mtu mwingine: ndugu, daktari, mzee wa kanisa. Basi mwendee. Na kama kwa majuma mawili au zaidi usingizi umekatika au chakula hakishuki, au kama mawazo ya kufa yanakujia hata mara moja, usingoje juma la tatu. Nenda hospitali, na umwambie mtu wa karibu leo. Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa unaotibika, na hazionyeshi kwamba imani yako ni ndogo.

Juma la tatu ndilo gumu. Aya ya 5 inaanza: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Isome taratibu, uone kwamba kati ya aya ya 4 na ya 5 hakuna habari iliyoletwa. Adui hajaondoka, wala jibu halijatajwa. Kilichobadilika ni mahali macho yalipoelekea. Kwa hiyo usijikamue upate hisia. Fanya alichoambiwa Yohana. Yesu hakuwaambia wajumbe wampelekee maelezo ya kwa nini yuko kifungoni. Aliwaambia wakamweleze "mnayoyasikia na kuyaona". Kila jioni andika kitu kimoja ulichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio siku hiyo, kilichokuwa chema. Kimoja kinatosha. Ukijilazimisha vitano, kufika siku ya tatu utakuwa unatunga. Yakobo anatoa mfano wa mkulima anayengojea mvua ya kwanza na ya mwisho (5:7), na mkulima hungoja akiwa anatazama shamba.

Wako watakaofika hapa wasiweze kuitamka aya ya 5. Hao wahamie Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila mstari wowote wa faraja mwishoni. Hata hivyo inaanza na "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu", na imo ndani ya Biblia kama sala kamili. Kanisani, sauti ikikwama wakati wa wimbo, funga kinywa uwasikilize wengine. Kuimba kwa pamoja kuna faida hiyo: kumbeba asiyeweza.

Juma la nne halina urefu maalumu. Majilio huanza kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, hivyo huwa na siku 22 hadi 28, na juma la mwisho linaweza kuwa siku moja tu, Krismasi ikiangukia Jumatatu. Anzia tarehe 17 Desemba kutumia antifona kuu saba, yaani viitikio vifupi vya Masifu ya Jioni (sala ya Kanisa ya jioni), moja kwa siku hadi tarehe 23, hata kama juma la tatu halijaisha. Ya tarehe 20 inamwita Kristo Ufunguo wa Daudi, na inamwomba aje awatoe gerezani waliokaa katika giza na uvuli wa mauti. Hapo Yohana anarudi akilini. Zote saba zina neno moja la kuomba: njoo.

Sasa mishumaa, maana wengi huharibikiwa hapo. Ukiwasha dakika 15 kila siku katika Majilio ya siku 28, mshumaa wa kwanza utawaka kwa jumla ya muda wa saa 7, wa pili saa 5 na robo, wa tatu saa 3 na nusu, wa nne chini ya saa 2. Wa kwanza uwe mnene kuliko wenzake, la sivyo utakwisha kabla ya mkesha. Majani ya shada yakikauka hushika moto upesi: yabadilishe, na usiache mshumaa unawaka chumba kikiwa kitupu. Asiye na uwezo wa minne achukue mmoja, auchore mistari mitatu ya kugawa sehemu nne. Shada lenyewe lilianzia kwa wenye shida. Mwaka 1839 mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern alilitengeneza kwa gurudumu la mkokoteni katika makao ya watoto maskini huko Hamburg, Ujerumani, ili wahesabu siku za kungojea.

Ukimtembelea aliyefiwa msimu huu, Paulo anasema "lieni pamoja nao waliao" (Warumi 12:15). Nusu saa inatosha. Litaje jina la marehemu, kwa sababu kila mtu mwingine analikwepa. Badala ya "ukihitaji chochote niambie", sema kitu na siku: "Jumamosi asubuhi nitakuja kufua."

Na ikiwa tarehe 25 itafika karatasi yako ingali na "hata lini" ambazo hazijajibiwa, ikunje uiweke ndani ya Biblia kwenye Zaburi ya 13. Katika kalenda ya Katoliki, kipindi cha Noeli huendelea hadi Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Asiyeweza kuimba usiku wa mkesha bado ana majuma ya kujaribu.