Khati tuliyoandikiana kabla ya nikaha

Ndoa yangu ya kwanza ilipovunjika, niliondoka Wete, kisiwani Pemba, na masanduku mawili na cherehani, ilhali nyumba niliyoiacha ilikuwa imeezekwa kwa mabati niliyoyanunua kwa fedha za karafuu nilizorithi kwa baba. Kiwanja kilikuwa cha mume, risiti zote zina jina lake, nami sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kumwonesha kadhi.

Kwa hiyo nilipoposwa mara ya pili, na mjane mwenye watoto watatu, nilimwomba tuandikiane kabla ya nikaha. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimeshaanza kupanga talaka. Ami yangu, aliyekuwa walii wangu, yaani msimamizi wangu wa ndoa, naye hakupendezwa: "Mwanangu, watu watasema tunafanya biashara." Nilimjibu kwamba nikaha yenyewe ni mkataba, na mahari hutajwa mbele ya mashahidi bila ya mtu kuona haya.

Duka langu la vitambaa halikunitia wasiwasi, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu mali ya mke hubaki yake. Hofu yangu ilikuwa nyumba tuliyokusudia kuijenga kwa fedha za wote wawili katika kiwanja chake. Nilimweleza mchumba wangu kwamba akitangulia yeye, mimi nitarithi thumni tu, yaani sehemu moja ya nane, kwa sababu ana watoto, na ikiwa fungu langu la ujenzi halijulikani, litaingia katika mirathi yake, nami nitalazimika kugombana na wanawe juu ya matofali. Hapo ndipo alipokubali. Hakutaka wanawe waje kuburuzana na mama wa kambo mahkamani.

Wakili alitukumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo wengi huitaja, ni ya Tanzania Bara, si ya Zanzibar, na kwamba shauri letu lingekwenda kwa kadhi. Sheikh aliyeipitia rasimu alikifuta kifungu kimoja, nilichokipenda mno, kilichosema kwamba mume hatarithi duka langu: mafungu ya mirathi, alisema, hayafutwi kwa makubaliano ya wachumba. Nilinuna, lakini nilitia saini, na mashahidi wakatia zao.

Khati imo kabatini pamoja na daftari la matumizi ya ujenzi. Mwezi uliopita tuliponunua saruji, mume wangu ndiye aliyeniuliza kama nimeshaandika nani katoa kiasi gani.