Sabufa si ya kutikisa madirisha

Jamani, besi ya gitaa naisikia sasa noti kwa noti, na sijanunua kifaa chochote kipya. Nimehamisha sabufa tu, ile spika ya sauti nzito za besi!

Iko hivi: noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne ni takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 na zaidi. Sebule nyingi hazifiki hapo. Likigonga ukuta linarudi na kukutana na linalokuja. Mahali pengine yanajazana hadi kuvuma, pengine yanauana kabisa. Ndiyo maana ukiwa umekaa kwenye kochi noti moja inanguruma na inayofuata huisikii.

Nilichofanya: sabufa niliiweka pale pale ninapokaa kusikiliza, nikapiga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka, kisha nikatambaa kando ya kuta huku nikisikiliza. Pale noti zote ziliposikika sawasawa, ndipo ilipohamia sabufa. Haikuwa konani. Kona huongeza nguvu ya besi kweli, lakini mara nyingi huivuruga.

Baada ya hapo nikaiwekea kikomo cha juu cha hezi 80, ipige sauti za chini ya hapo tu, nikajaribu swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wa spika) pande zote mbili na kubaki na ule uliojaza besi zaidi. Sauti yake nikaipunguza mpaka nisitambue inatokea wapi. Wenye spika ndogo za rafuni, fanyeni hivi kabla hamjatafuta spika kubwa, nawasihi.