Siku moja na jinzi kuukuu, Ngamiani, Tanga

Saa 11 alfajiri nimeshaswali, nasuuza jinzi kuukuu ninazoshonea mikoba, zilizolala kwenye beseni. Lazima zipate jua la mapema. Zikichelewa kuanikwa, mishono inafika jioni bado ina majimaji, na kitambaa chenye unyevu hakikatwi: kikikauka kinasinyaa na mkoba unapinda.

Saa 1 niko soko la Mgandini. Belo zikifunguliwa, wenye maduka wanagombea nguo safi. Mimi nangoja rundo la mwisho, lile la zipu zilizokufa, magoti yaliyochanika na madoa ya rangi. Jinzi ya namna hiyo bado ina kitambaa kizima mapajani na nyuma ya miguu. Naingiza mkono ndani ya mguu wa suruali na kuuelekeza kwenye mwanga. Nikiona vidole vyangu, naiacha. Wako wanaosema nanunua takataka. Nguo zile zingechomwa au kutupwa mtaroni, na ndiyo sababu nazinunua.

Saa 3 naanza kufumua. Hapa ndipo siku yangu inapokwenda, na hapa hapaonwi na mtu. Fundi wa kitambaa kipya anatandika, anapima, anakata. Mimi kabla ya hapo nimeshafumua kwa wembe mishono iliyopigwa mara mbili kwa uzi mnene, nimeng'oa kwa koleo vifungo vya shaba vya mifukoni, nimepasua miguu ikawa vipande, nimevipiga pasi. Naweka sindano namba 16, na penye mikunjo minne napagonga kwanza kwa nyundo, la sivyo sindano inakatika. Vidole vinauma mpaka usiku.

Binti anayejifunza kwangu anasuka vishikio vya katani. Wageni wakiuliza kwa nini katani, nawaambia wako Tanga. Mkonge, unaotoa katani, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ilifika ikiwa hai, na mashamba yakatokana na hiyo. Kishikio cha katani hakinyooki kwa uzito wa nazi.

Mchana tunakula bada, ugali wa muhogo, na samaki, haraka haraka.

Saa 8 akaingia mama aliyeagiza mikoba ya kugawa kwenye kicheni pati ya binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tayari?"

Tayari. Akaigeuza mmoja mmoja, akavuta kila zipu, akainusa. Kisha akauliza bei, kana kwamba hatukukubaliana siku ya kuagiza.

"Elfu kumi na tano? Na jinzi nimekuletea mwenyewe? Hizi si ndizo nguo kuukuu za wanangu? Wewe umetia uzi tu!"

Nikamvutia kiti. Nikamtajia zipu, bitana, katani, sabuni, pasi. Akasema dukani mkoba mpya kutoka nje ni elfu kumi na mbili. Nikamwambia huo bitana yake ni karatasi. Akasema mimi ni mwanawe, nimwonee huruma. Tukaenda hivyo muda mrefu, wateja wengine wakachungulia na kuondoka. Mwisho nikachukua suruali ambayo haijaguswa, nikaketi mbele yake, nikaanza kufumua kutoka pindoni kwenda kiunoni. Akapokea simu, akamaliza. Akapokea nyingine, akamaliza. Nilikuwa bado sijafika gotini.

"Kumbe kazi yote hii," akasema. Bei sikupunguza. Nilimwongezea pochi ndogo ya bi harusi, akalipa nusu, nyingine Ijumaa.

Umeme nao ukakatika. Nikahamia cherehani ya miguu, na saa sikuiangalia tena. Nikashona mifuko ya sokoni hadi mgongo ukakataa. Dada zangu wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia waanze na mfuko huo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kila mwenda sokoni anahitaji cha kubebea. Mfuko hauna vipimo vya mwili wala zipu. Ukiharibika kona unarekebishwa. Magauni yatafuata mkono ukishakomaa.

Jioni kikundi chetu kilikutana barazani. Tunaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao asilimia 4 ni ya wanawake. Mimi nataka tununue ovaloki, mashine ya kupiga kingo za kitambaa zisifumuke; wenzangu wanataka belo zaidi. Nimesimama na ovaloki: vitambaa tunavyo, kinachotushinda ni muda.

Kabla ya kulala nimeandika upya risiti ya yule mama. Zamani niliandika "mikoba" na jumla ya pesa. Sasa kufumua kuna mstari wake, kufua wake, kushona wake, na zipu na bitana chini yake. Ijumaa akija ataisoma mistari yote.