Kanga kwenye kamba

Jana jioni mjukuu wangu alirudi na daftari lenye wino mwekundu. Hakunionyesha. Nililikuta mwenyewe nilipokuwa natoa kopo la chakula kwenye begi lake. Mwalimu kaandika maneno mawili tu: "Mtoto hatulii." Nilikaa nalo mapajani mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mwandiko ule si wangu, lakini maneno yale ni yangu. Nimeyaandika miaka nenda miaka rudi kwenye madaftari ya watoto wa watu, na mwaka 2016 niliyaandika kwenye daftari la Tiara mpaka pambizo ikajaa.

Tiara halikuwa jina lake. Wenzake ndio waliombandika, maana upepo ukipita tu, na yeye hayupo.

Mwaka ule ndio elimu bila malipo ilipoanza, na darasa la kwanza nililokuwa nalifundisha likafika watoto 114. Dawati la watatu likakaliwa na watano, waliobaki wakakaa sakafuni hadi miguuni pangu. Mtaala wa KKK ulikuwa bado mpya, umeanza mwaka mmoja tu nyuma, nao ulitaka kila mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu kabla ya kitu kingine chochote. Tiara alikuwa anaanza vizuri, "ba, be, bi". Akifika "bo" macho yako kwa mjusi ukutani. Akifika "bu" mwenyewe yuko dirishani.

Nilimchapa. Naliandika hivyo hivyo, bila kulifunika. Kanuni inasema fimbo ni ya mwalimu mkuu au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena visizidi viboko 4. Mimi sikuwa na ruhusa ya mtu. Nilikuwa na rula ya mbao na watoto 113 wengine wananitazama.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa Julai, kusi limekaza, kama linavyokaza pale Tanga mpaka minazi yote inalala upande mmoja. Kipindi cha pili nikageuka kuandika ubaoni, nilipogeuka tena Tiara hayupo. Nikamwachia kiranja darasa, nikachukua rula, nikatoka. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyechoka, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Nyumba za walimu ziko nyuma ya shule. Alfajiri nilikuwa nimefua kanga, nikazianika kwenye kamba iliyotoka kwenye mwembe hadi banda la kuni. Nilipofika bandani nikamsikia kabla sijamwona.

"JA... PO..."

Nikasimama nyuma ya kuni.

Jina la kanga ile lilikuwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Upepo ukaipandisha yote juu ya kamba, maneno yakapotea. "Ngoja wewe!" akaiambia kanga, kwa ukali kabisa, kama mimi ninavyosema darasani. Ikashuka. Akadaka pindo kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia akakiweka chini ya herufi. "SI... PA..." Ikamponyoka. Akaikimbilia. Ikajikunja ikampiga usoni, akapita chini yake, akatokea upande wa pili na kuinamisha kichwa mpaka begani, kwa sababu huko nyuma herufi zinaonekana kwa mbali na zimegeuka. Akarudi mbio mbele. Kila akirudi alianza upya, "JA-PO SI-PA-TI", na kila mara alipata silabi moja zaidi. Miguu haikusimama hata mara moja. Kidole nacho hakikukosea mstari.

Huyu ndiye mtoto ambaye jana yake tu nilimwekea "ta" na "ka" mbele ya macho, asijue ipi ni ipi.

Sijui alizunguka mara ngapi. Najua kwamba sijawahi kusikiliza mtoto akisoma namna ile, nimebana pumzi. Mwisho akaushika mstari wote, "JAPO SIPATI TAMAA SIKATI", akanyamaza kidogo, kisha akauliza, na wala hakujua kama kuna mtu:

"Tamaa ya nini?"

Nikasogea. Akaniona mimi, halafu akaiona rula. Akaingiza viganja vyote viwili kwapani.

Mpaka leo, nikifumba macho, naviona viganja vile vikijificha.

Niliiweka rula juu ya kuni. Nikamwambia, "Soma na ile ya pembeni." Hakutoa mikono. Alisoma kwa macho tu, midomo ikitikisika, halafu akaruka: "Mwalimu! Hii imeandikwa kama ile!" Ndiyo, ilikuwa doti moja, vipande viwili vyenye jina moja. Nilivivaa miaka mitatu, na sikuwahi kufikiri kwamba nimevaa zoezi la kusoma.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilifunga kamba darasani, nikatundika kanga, watoto wakawa wanasoma huku wanatembea, kumi kumi. Vumbi likawa jingi, kelele zikavuka ukuta, darasa la jirani wakalalamika, kamba ikashushwa kabla ya wiki kwisha. Tiara nikaendelea naye nyumbani baada ya kengele, na hadi Novemba alikuwa anasoma. Januari hakurudi. Mama yake alihama mji, na sikupata kujua walikokwenda.

Baadaye mwenzangu aliyesoma Patandi, kile chuo cha walimu wa elimu maalumu Arusha, alinieleza kwamba wapo watoto ambao kutulia kwenyewe ni kazi nzito. Ukimlazimisha atulie, nguvu zote zinaishia hapo, hazibaki za kusomea. Mkalishe mbele, alisema, mbali na dirisha. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Agawe chaki, afute ubao, kazi iwe fupi, ainuke, arudi. Niliyafanya hayo kwa waliofuata, na wengine yaliwasaidia. Wengine hapana, na hao pia nawakumbuka. Kuhusu Tiara mwenyewe sina hakika hadi leo kama ni kukimbia ndiko kulikomfundisha, au ni kwamba asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, hakukuwa na mtu aliyemsimamia na rula.

Mjukuu jana usiku aliniuliza, "Bibi, na wewe ulikuwa unawaandikia watoto hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza waliandikiwa halafu wakawaje. Nikamwambia alale.

Leo ni Jumamosi. Nimefua doti mbili ambazo hazikuwa chafu, nikaishusha kamba mpaka kimo cha mtoto wa miaka 7. Upepo umeanza. Yeye bado yuko ndani, anamalizia chai.